Kufundisha Vita vya Visiwa vya Falkland: Mwongozo kwa Walimu wa Historia wa Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa historia au wa elimu ya uraia anayefundisha madarasa ya mwisho ya sekondari hapa Lubumbashi, na ambaye angependa kutumia vipindi vitatu kuwaonyesha wanafunzi jinsi ugomvi wa ardhi kati ya mataifa mawili unavyozaliwa, unavyogeuka vita, na unavyoweza kubaki bila jibu hata baada ya mshindi kupatikana. Vita vilivyochaguliwa ni vile ambavyo Argentina na Uingereza zilipigana mwaka 1982 juu ya visiwa vya Atlantiki ya kusini ambavyo Waingereza huviita Falkland na Waargentina huviita Malvinas. Vilidumu siku 74, kuanzia tarehe 2 Aprili hadi tarehe 14 Juni, kwa hiyo vinasimulika vyote bila kuruka jambo la msingi. Tena vilipiganwa mbali nasi kiasi kwamba hakuna mwanafunzi atakayeingia darasani akiwa amekwisha kuchagua upande kwa sababu ya kabila, jimbo au msiba wa nyumbani kwao.

Kuna sababu nyingine ya kuvichagua, ambayo ni rahisi kuisahau. Wakati vita hivyo vinaanza, nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na katika mwezi huohuo wa Aprili 1982 ilikuwa zamu yake kuliongoza Baraza. Balozi Kamanda wa Kamanda ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha mwenyekiti. Mwanafunzi anayedhani kwamba historia ya dunia huandikwa na watu wengine, na kwamba sisi husomewa tu, atashangaa kidogo hapo, na mwalimu autumie mshangao huo kuliko kuacha upotee.

Tenganisha maswali matatu

Somo hili huharibika mapema likianza kwa kuuliza, "Visiwa ni vya nani?" Ukiuliza hivyo, darasa litagawanyika kabla halijajua lolote, na kila mmoja atatumia muda uliobaki kutetea jibu alilolitoa katika dakika ya kwanza. Badala yake, andika ubaoni maswali matatu na uyaache pale hadi mwisho wa kipindi cha tatu. Swali la kwanza ni nani mwenye haki bora ya kuvimiliki visiwa kwa historia na kwa sheria. Swali la pili ni nani alitumia nguvu kwanza mwaka 1982, na kama sheria ya kimataifa ilimruhusu kufanya hivyo. Swali la tatu ni watu wanaoishi visiwani wanataka nini, na matakwa yao yanapaswa kupewa uzito gani.

Maswali haya hayalazimiki kuwa na jibu moja. Inawezekana kabisa kuona kwamba Argentina ina hoja nzuri katika swali la kwanza lakini ilikosea katika la pili. Inawezekana pia kuona kwamba Uingereza ilikuwa na haki ya kujibu shambulio bila kukubali kwamba mwaka 1833 ilivipata visiwa kwa njia safi. Basi kila mwanafunzi anapotoa hoja, mwulize anajibu swali la ngapi. Mwanzoni watakasirika kidogo, kisha watazoea, na baada ya muda wataanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Chora ramani kwa chaki

Usisubiri projekta, na usisubiri umeme wa SNEL. Chora ubaoni pwani ya Amerika ya Kusini upande wa kushoto, pwani ya Afrika upande wa kulia, Uingereza juu kabisa, na visiwa chini karibu na ncha ya Amerika. Kisha uzifanye kilomita zieleweke kwa safari ambazo wanafunzi wanazijua. Visiwa viko umbali wa kilomita 480 hivi kutoka pwani ya Argentina, yaani takriban mara nne ya barabara ya kutoka Lubumbashi hadi Likasi. Kutoka Uingereza ni takriban kilomita 12,700, ambazo ni kama mara nane ya safari ya ndege kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa. Karibu katikati ya njia hiyo ndefu weka alama ya kisiwa cha Ascension, milki ya Uingereza iliyo kusini kidogo mwa ikweta, chenye uwanja wa ndege uliojengwa na Wamarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waeleze kwamba bila kituo hicho cha kupumzikia na kujaza mafuta, meli na ndege za Uingereza zingepata taabu kubwa zaidi kufika na kuendelea kupigana.

Kuna visiwa vikubwa viwili, kimoja cha mashariki na kimoja cha magharibi, na vidogo zaidi ya 700, vyote pamoja vikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12,000. Mwaka 1982 waliishi huko watu wapatao 1,800, wengi wao wakitegemea ufugaji wa kondoo, wenye asili ya Uingereza na wanaozungumza Kiingereza, na nusu yao hivi wakikaa katika mji mdogo wa Stanley. Kwa kuwa visiwa viko kusini mwa ikweta kama sisi, mwezi wa Juni ni wa baridi kule na huku. Lakini baridi ya asubuhi ya Juni inayowafanya wanafunzi wa Lubumbashi waje shuleni na makoti si kitu mbele ya upepo, mvua ya barafu na ardhi iliyoloa maji ambamo askari walilala wiki kadhaa mwaka ule. Ikiwa shule yako ina atlasi ya Kifaransa, wanafunzi watakuta humo jina Malouines, linalotokana na mabaharia wa mji wa Saint-Malo. Waambie ni visiwa vilevile, na muendelee.

Mara tu ramani itakapokamilika, mtu atasema kwamba visiwa ni vya Argentina kwa sababu viko karibu nayo. Usimkatize. Mwulize kisiwa cha Réunion kiko karibu na nani (Madagaska) na kinamilikiwa na nani (Ufaransa), kisha umwachie darasa lote. Ukaribu una nguvu kubwa machoni pa mtu anayetazama ramani, lakini peke yake hautoshi kisheria, na Argentina yenyewe haikuutegemea peke yake.

Simulia historia ya umiliki mara mbili

Chagua wanafunzi wawili wanaosoma vizuri kwa sauti, na kila mmoja umpe ukurasa wake.

Wa kwanza asome kama Mwargentina. Wafaransa walijenga makazi ya Port Louis mwaka 1764; Hispania ikayachukua kutoka kwao mwaka 1767 kwa makubaliano, ikawa na magavana visiwani hadi mwaka 1811. Majimbo ya Muungano ya Río de la Plata, ambayo ndiyo Argentina ya baadaye, yalitangaza uhuru mwaka 1816 na yakarithi kile kilichokuwa cha Hispania. Mwaka 1820 nahodha David Jewett alipandisha bendera yao visiwani, na mwaka 1829 serikali ya Buenos Aires ikamteua Luis Vernet kuwa kiongozi wa makazi ya huko. Januari 1833, wakati hakuna vita vyovyote kati ya nchi hizo mbili, manowari ya Kiingereza ilifika, ikaishusha bendera na kuwaondoa waliokuwepo.

Wa pili asome kama Mwingereza. Waingereza walifika Port Egmont miaka ya 1765 na 1766, wakaondoka mwaka 1774 ili kupunguza gharama, lakini waliacha bamba la madini ya risasi linalosema kwamba visiwa ni vya mfalme wao, wala hawakuwahi kuiacha haki hiyo. Makazi ya Vernet yalikuwa yameharibiwa na manowari ya Marekani iitwayo Lexington mwishoni mwa mwaka 1831. Mwaka 1833 waliotakiwa kuondoka walikuwa askari, na walowezi waliotaka kubaki waliruhusiwa kubaki. Tangu hapo Waingereza wamekaa bila kukatika, vizazi vikazaliwa na kuzikwa huko.

Baada ya hapo uliza ni mambo gani yaliyomo katika kurasa zote mbili. Darasa litagundua kwamba tarehe karibu zote hazina ubishi, na kwamba tofauti kubwa iko katika kile ambacho kila msomaji amekipita kimya: mmoja hakutaja Port Egmont, mwingine hakutaja magavana wa Hispania. Zoezi hili lina thamani kuliko mhadhara wa saa nzima. Mwalimu ambaye ana vipindi viwili tu basi atumie zoezi hili na lile la Baraza la Usalama, na mengine ayaache.

Kwa nini vita vilizuka mwaka 1982

Mwaka 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2065, likakiri kwamba kuna mgogoro wa umiliki na likazitaka nchi mbili zijadiliane, zikizingatia maslahi ya wakazi. Argentina husisitiza kwamba azimio linasema maslahi, halisemi matakwa. Uingereza hujibu kwamba hakuna anayeyajua maslahi ya mtu kuliko mwenyewe. Mazungumzo yaliendelea kwa miaka zaidi ya 15 bila tunda.

Hapa mwalimu asikimbilie neno "ukoloni" kana kwamba linaeleza kila kitu. Awatake wanafunzi watazame hali ya ndani ya kila nchi. Argentina ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mapinduzi ya Machi 1976, utawala uliowateka na kuwaua maelfu ya raia wake, na kufikia mwaka 1982 uchumi ulikuwa umeporomoka. Tarehe 30 Machi vyama vya wafanyakazi viliandamana Buenos Aires na polisi wakawapiga. Tarehe 2 Aprili, siku tatu tu baadaye, uwanja wa Plaza de Mayo ulijaa watu wakishangilia kutwaliwa kwa visiwa, na Jenerali Leopoldo Galtieri, mkuu wa utawala huo wa kijeshi, alikuwa akiwapungia mkono. Waachie wanafunzi wenyewe waunganishe siku hizo mbili. Wana uzoefu wa kutosha wa siasa kuweza kufanya hivyo bila kusaidiwa.

Upande wa Uingereza nao ulikuwa umetoa ishara zilizosomwa vibaya. Mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher ilitangaza kwamba itaiondoa Endurance, meli pekee ya kijeshi iliyokuwa ikizunguka maji hayo, na sheria mpya ya uraia ya mwaka huohuo iliwaacha wakazi wengi wa visiwa bila uraia kamili wa Uingereza. Mtu aliyekaa Buenos Aires akiyatazama hayo aliona nchi iliyochoka na visiwa vyake. Kisha tarehe 19 Machi 1982 wafanyakazi wa Argentina waliokwenda kukusanya vyuma chakavu katika kisiwa cha South Georgia, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki, walipandisha bendera ya nchi yao, na kuanzia hapo kila upande ukawa unafanya haraka kwa kuogopa haraka ya mwenzake. Baada ya uvamizi, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Lord Carrington, alijiuzulu tarehe 5 Aprili. Jambo hilo huwashangaza wanafunzi wetu kuliko manowari zote, na linastahili dakika tano za mazungumzo.

Baraza la Usalama darasani

Kipindi cha pili chote kiwe cha kuigiza kikao cha tarehe 3 Aprili 1982. Panga viti 15 kwa nusu duara. Wajumbe watano wa kudumu ni Uingereza, Marekani, Ufaransa, Muungano wa Kisovieti na China. Kumi waliochaguliwa ni Guyana, Hispania, Ireland, Japani, Yordani, Panama, Polandi, Togo, Uganda na Zaire. Argentina haikuwa mjumbe, lakini mweke mwanafunzi mmoja mezani awe waziri wake wa mambo ya nje, Nicanor Costa Méndez, ambaye alifika New York kuitetea nchi yake. Darasa likiwa na wanafunzi 60, kila ujumbe uwe na watu watatu au wanne, mmoja anasema na wengine wanamwandikia, na waliobaki wawe waandishi wa habari ambao watalazimika kuripoti kwa maneno mia moja kilichotokea.

Kiti cha mwenyekiti mpe mwanafunzi mtulivu anayejali saa, wala usimpe yule mwenye sauti kubwa, kwa kuwa huyo ataugeuza mkutano kuwa wake. Mweleze kwamba uongozi wa Baraza huzunguka kila mwezi kwa kufuata alfabeti ya majina ya nchi kwa Kiingereza, kwamba Machi ilikuwa zamu ya Marekani na Aprili ikawa ya Zaire. Jioni ya tarehe 1 Aprili, Uingereza ilipopata habari kwamba meli za Argentina ziko njiani, mwenyekiti alisoma kwa niaba ya Baraza tamko la kuzitaka nchi zote mbili zijizuie na zisitumie nguvu. Aanze kikao kwa kusoma tamko la namna hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwalimu atangaze kwamba usiku umepita na askari wa Argentina wako Stanley.

Kila ujumbe uupe kikaratasi chenye mistari michache juu ya jambo linaloiuma nchi yake. Hispania inaidai Gibraltar kutoka kwa Uingereza, lakini haipendi kuonekana inashangilia uvamizi. Guyana ina jirani, Venezuela, anayedai sehemu kubwa ya ardhi yake, kwa hiyo inaogopa mfano wa nchi kutwaa kwa nguvu kile inachokidai. Panama ni sauti ya Amerika ya Kilatini. Muungano wa Kisovieti haupendi Uingereza ishinde, na wala hauna mapenzi na majenerali wanaochukia ukomunisti, ingawa unanunua nafaka yao. Togo, Uganda na Zaire wakumbushwe kwamba wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Kairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Hapo ndipo penye utamu wa somo, kwa maana wanafunzi makini wataona kwamba kanuni hiyo inavuta pande zote mbili. Argentina inasema imerithi mipaka ya Hispania, na hilo linafanana na msimamo wetu. Lakini kanuni ileile iliwekwa ili pasiwe na nchi ya kurekebisha mipaka kwa bunduki.

Sasa soma rasimu ya azimio. Linasema kwamba amani imevunjwa katika eneo hilo, linadai mapigano yakome mara moja, linadai majeshi yote ya Argentina yaondoke mara moja, na linazitaka serikali mbili zitafute suluhisho la kidiplomasia. Waache wajadiliane dakika 20, kisha wapige kura. Ili lipite zinatakiwa kura tisa, na asiwepo mjumbe wa kudumu aliyelipinga. Baada ya kuandika ubaoni kura za darasa, ndipo uandike zilizopigwa kweli: kura 10 za ndiyo, zikiwemo zile za Zaire, Togo na Uganda, moja ya hapana, ya Panama, na nne za kujizuia, za China, Hispania, Polandi na Muungano wa Kisovieti. Hilo ndilo azimio namba 502. Uingereza ilipata kura moja tu zaidi ya kiwango kilichotakiwa, na ili kuipata ya Yordani, Thatcher alimpigia simu Mfalme Hussein mwenyewe.

Uliza tena lile swali la ubaoni: azimio 502 linajibu swali la ngapi? Linajibu la pili peke yake. Halikusema neno juu ya nani mwenye visiwa. Nchi tatu za Afrika zilizounga mkono zilikataa uvamizi, na kura yao haikuwa hati ya umiliki kwa Uingereza. Darasa lisilolifahamu jambo hili halijalielewa somo hata kama limekariri tarehe zote, na ni heri kulirudia hapa kuliko kuendelea mbele.

Kwa wanafunzi wanaopenda sheria, ongeza mambo mawili. Panama iliuliza iweje Uingereza ipige kura wakati ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inamtaka mwenye mgogoro ajizuie. Ikajibiwa kwamba sharti hilo halihusu hatua zinazochukuliwa kwa sababu amani imevunjwa. Pili, Uingereza ilituma meli zake ikitegemea ibara ya 51, inayohusu haki ya kujilinda, huku wasuluhishi wakiendelea na kazi: Alexander Haig wa Marekani, kisha Rais Belaúnde Terry wa Peru, kisha Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar. Tarehe 4 Juni, Hispania na Panama zilileta rasimu ya kusitisha mapigano, ikapata kura tisa, lakini Uingereza na Marekani zikaizuia kwa kura ya turufu. Dakika chache baadaye balozi wa Marekani, Jeane Kirkpatrick, alilieleza Baraza kwamba maagizo ya kujizuia yalimfikia akiwa amekwisha kupiga kura. Wanafunzi watacheka, na wana haki.

Mapigano yenyewe

Mwalimu anayependa silaha atavutwa kutumia kipindi kizima hapa, naye ajizuie. Inatosha kusema kwamba Waingereza waliirudisha South Georgia tarehe 25 Aprili, wakashuka nchi kavu San Carlos tarehe 21 Mei, wakapigana Goose Green tarehe 28 na 29 Mei, wakavitwaa vilima vinavyouzunguka mji wa Stanley kati ya tarehe 11 na 14 Juni, na kwamba siku hiyo ya mwisho Jenerali Mario Menéndez alijisalimisha mbele ya Meja Jenerali Jeremy Moore. Askari wa Argentina zaidi ya 11,000 walitekwa.

Tukio moja lipewe nafasi yake. Tarehe 2 Mei nyambizi ya Uingereza, Conqueror, iliizamisha manowari General Belgrano, watu 323 wakafa, karibu nusu ya Waargentina wote waliokufa katika vita hivyo. Manowari hiyo ilikuwa nje ya eneo la maili 200 za baharini ambalo Uingereza ilikuwa imelitangaza kuwa la hatari. Siku mbili baadaye kombora la Exocet, lililotengenezwa Ufaransa na kurushwa na ndege ya Argentina, liliipiga manowari Sheffield na kuua watu 20. Waulize wanafunzi kama eneo la hatari lililotangazwa ni ahadi ya kutoshambulia nje yake, au ni onyo tu kwa wanaoingia. Waingereza wenyewe walibishana miaka mingi juu ya hilo.

Kisha zisome hesabu za waliokufa, polepole, bila kuongeza maneno: wanajeshi 649 wa Argentina, wanajeshi 255 wa Uingereza, na wanawake watatu wakazi wa Stanley waliouawa na mizinga ya Waingereza waliokuja kuwakomboa. Eleza kwamba wengi wa askari wa Argentina walikuwa vijana walioandikishwa kwa lazima, wenye umri wa miaka 19 hivi, baadhi yao kutoka majimbo ya joto ya kaskazini kama Corrientes na Chaco, wakikabiliana na jeshi la watu waliochagua kazi hiyo. Usilete picha za maiti. Katika madarasa yetu wamo watoto waliokimbia mapigano ya mashariki, na mwalimu hana haki ya kuwarudisha huko kwa ajili ya somo, wala kumwomba yeyote asimulie ya kwao.

Swali la Katanga likiulizwa

Litaulizwa. Katika mji huu haiwezekani kuzungumza juu ya haki ya watu kujiamulia bila mtu kutaja tarehe 11 Julai 1960, siku Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga, na mwalimu anayelikwepa swali hilo atawafanya wanafunzi walijadili uani bila msaada wake.

Njia nzuri ni kupitia azimio namba 1514 la Baraza Kuu, la tarehe 14 Desemba 1960, lililopitishwa huku kujitenga kwa Katanga kukiendelea. Aya yake ya pili inasema kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia. Aya yake ya sita inasema kwamba jaribio lolote la kuvunja umoja wa taifa na wa ardhi ya nchi halipatani na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Wakazi wa Falkland na Uingereza husoma aya ya pili. Argentina husoma ya sita. Andika aya zote mbili ubaoni, kisha uwatake wanafunzi waeleze ni ipi iliyotumika kwa Katanga, na kwa nini. Waelekeze kwenye tofauti zinazopimika: Falkland imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, ilhali Katanga ilikuwa sehemu ya nchi huru, iliyopokelewa katika Umoja wa Mataifa tarehe 20 Septemba 1960, tena katika Kongo nguvu za nje na maslahi ya kampuni za madini zilihusika moja kwa moja, hadi kujitenga kulipokoma Januari 1963. Toa dakika 15, na zikiisha ufunge mjadala hata kama mikono bado iko juu. Ni busara kumwarifu prefe, yaani mkuu wa shule, mapema kwamba sehemu hii imo katika somo.

Yaliyofuata, na kazi ya kuandika

Sehemu ya mwisho ni fupi. Galtieri aliondolewa siku chache baada ya kushindwa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Oktoba 1983, na Raúl Alfonsín akaapishwa kuwa rais tarehe 10 Desemba. Thatcher alishinda uchaguzi wa Juni 1983, na mwaka huo wakazi wa visiwa walipewa uraia kamili. Katiba ya Argentina ya mwaka 1994 inayataja madai ya nchi hiyo juu ya visiwa. Katika kura ya maoni ya Machi 2013, wakazi 1,513 walitaka kubaki chini ya Uingereza na 3 walikataa. Mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa ombi la nchi zote mbili, ilianza kuwatambua askari wa Argentina waliozikwa bila majina katika makaburi ya Darwin, huko visiwani, na mwaka 2020 mabomu ya mwisho ya kutegwa ardhini yaliondolewa. Umiliki haujaamuliwa.

Kwa kazi ya nyumbani, toa swali moja tu la kurasa mbili, ambalo pia ni mazoezi mazuri ya insha inayotangulia mtihani wa Serikali: "Je, kura ya Zaire ya tarehe 3 Aprili 1982 ilikuwa sahihi?" Maandishi ya maazimio yanapatikana kwa Kifaransa kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa, yachapishe mara moja na kurasa zake uzibandike ukutani, kwani si kila mwanafunzi ana fedha za intaneti.

Unaposahihisha kwa pointi 20, toa 8 kwa ukweli wa tarehe na matukio, 8 kwa kutenganisha yale maswali matatu, na 4 kwa mwanafunzi aliyeieleza hoja yenye nguvu zaidi ya upande anaoukataa kwa namna ambayo mtu wa upande huo angeikubali. Msimamo wenyewe, uwe wa ndiyo au wa hapana, usipewe pointi yoyote, na wanafunzi waambiwe hivyo kabla hawajaanza kuandika.